Mapipa ya mtumba: mnywaji wa skochi kwenye meza ya bourbon

Glasi ya kwanza sikuinywa haraka. Niliinusa, nikairudisha mezani, nikamtazama dada mhasibu aliyekaa kulia kwangu nione kama naye amepata ninachopata. "Kashata," alisema kabla sijauliza. Si ile ya nazi. Ya karanga, sukari ikiwa imeachwa motoni dakika moja zaidi. Mimi nanywa skochi, wiski ya Uskoti, mwaka wa kumi na saba sasa, na kwa wanywaji wa aina yangu mahali pa kashata ni pembeni ya kikombe cha kahawa. Haiingii ndani ya kikombe.

Tulikuwa watu kumi na wanne kwenye ukumbi mdogo wa hoteli moja Area D, hapa Dodoma, Ijumaa ya wiki ambayo Bunge lilikuwa likikaa. Wahudumu walikuwa wakimwita kila mwanaume mwenye kitambi "mheshimiwa", kwa tahadhari. Mwenyeji wetu, kijana wa Dar es Salaam, alipanda na treni ya SGR akiwa na sanduku la chupa ambalo, kwa maelezo yake mwenyewe, alilipakata safari nzima kama mtoto mchanga. Ndani mlikuwa na bourbon nne: Jim Beam, Maker's Mark, Woodford Reserve na Wild Turkey 101. Bourbon ni wiski ya Marekani, na sehemu kubwa hutoka jimbo la Kentucky. Kwa watu wa skochi, tuseme ukweli, ni mdogo wetu tunayemsalimia bila kusimama.

Nilikwenda nikiwa na hukumu tayari mfukoni. Ninachotaka kupima hapa ni kama hukumu hiyo ilikuwa na msingi au yalikuwa mazoea tu, maana mazoea haya tunajua yalikotoka. Skochi ilikuja na Waingereza, ikakaa kwenye klabu zao, na walipoondoka ikahamia kwenye makabati ya vioo ya wakubwa wetu. Chupa ya kwanza ya Black Label niliyoiona maishani ilikuwa kabatini kwa baba mkubwa, kati ya redio mbovu na seti ya vikombe vya wageni ambayo hakuna mgeni aliyewahi kuinywea. Haikufunguliwa mpaka anafariki. Yaani niliiheshimu skochi miaka mingi kabla ya kuionja, na mtu wa namna hiyo ana kila sababu ya kuushuku ulimi wake.

Kelele ya kwanza ilizuka kwenye mahindi. Sheria ya Marekani inataka nafaka za bourbon ziwe na mahindi si chini ya asilimia 51, na nyingi huzidi hapo. Kinachobaki huwa kimea cha shayiri pamoja na ngano, au rai, nafaka ya nchi za baridi iliyo ndugu wa ngano. Kijana alipotamka mahindi, mzee mmoja kutoka Kongwa, aliyezeekea kwenye biashara ya nafaka pale Kibaigwa, aliweka glasi chini.

"Kwa hiyo hii ni gongo ya mahindi."

Ukumbi ulicheka. Kijana hakucheka. "Hapana, mzee wangu. Hii imelala pipani."

"Na ile yetu ikilala?"

"Ikilala miaka minne, mzee, haitakuwa gongo tena."

"Basi tofauti ni usingizi," mzee akasema, akaimaliza.

Kwa upande mmoja mzee yuko sahihi kabisa. Wiski yoyote ikitoka kwenye mtambo wa kukeneka, yaani kuchemsha pombe na kukinga mvuke wake, ni nyeupe kama maji na inaunguza koo, iwe ya Kentucky au ya Uskoti. Hata skochi ninayoitukuza huanza maisha kama pombe ya kimea ambayo bibi yeyote mpika komoni angeitambua kwa harufu. Kwa upande mwingine, kiwanda chenye leseni hutenga kile kinachotangulia kutoka mtamboni na kile kinachotoka mwisho, kikabakiza cha katikati, tena kwa vipimo. Mpishi wa gongo kule korongoni ana ulimi wake na dua zake, na pombe ya kificho isiyopimwa imeshapofusha watu na kuwaua. Hapo tofauti si usingizi. Lakini kama hoja ni kwamba nafaka ya Kentucky ina utukufu ambao ya Kongwa haina, hoja hiyo haipo.

Nilianza kuyumba tulipofika kwenye pipa. Kwa sheria, bourbon lazima ilale kwenye chombo kipya cha mbao za mwaloni kilichounguzwa ndani mpaka ukuta wake ukawa mkaa. Kipya, kila mara. Pipa la kawaida, la kama lita 200, likishatoa mzigo wake wa kwanza halirudiwi tena kwa bourbon. Linakwenda wapi? Kijana alitabasamu akinitazama mimi, maana mwanzoni nilikuwa nimejitambulisha kwa majivuno. Mengi yanakwenda Uskoti. Sehemu kubwa ya skochi hulazwa kwenye mapipa yaliyokwisha kutumika kwa bourbon, na nyingine kwenye yaliyokuwa na sheri, mvinyo wa Hispania. Glenfiddich ya miaka 12 iliyo nyumbani kwangu imepitia yote mawili.

"Kumbe nyie ni watu wa mtumba," alisema dada mhasibu. Kwenye jiji ambalo serikali yenyewe imehamia Mtumba, hakuna aliyeweza kujizuia.

Mtu anayejua nguo hawezi kulidharau neno hilo. Shati la mtumba la pamba safi, lile gredi A unaloliwahi alfajiri mnadani Msalato, linalipita jipya la dukani, na rangi iliyokuwa ya kuchuja imeshachuja kwa mwenzako. Ndivyo lilivyo pipa. Moto unapounguza mwaloni, lignini, ile sehemu ya mti inayoshikilia nyuzi zake, huvunjika na kutoa vanilini, kile kile kinachoipa vanila harufu. Sukari zilizojificha ndani ya mbao nazo huungua. Kinywaji cha kwanza kulazwa humo hubeba sehemu kubwa ya mali hiyo. Kwa hiyo kashata ya dada yetu ilitoka kwenye ukuta wa pipa zaidi ya ilivyotoka kwenye mahindi. Skochi inapoingia baadaye hukuta pipa limeshapunguza ukali, ikachota kidogo kidogo, na ile shayiri ya mwanzo ikapata nafasi ya kusikika.

Watetezi wa bourbon hutuambia tunakunywa makombo yao. Sisi huwaambia wanakunywa mbao. Shtaka letu lina ukweli: kwenye Woodford nilipata ukavu ule wa kutafuna mswaki wa mti, na maji kidogo hayakuuondoa. Shtaka lao nalo lina ukweli ambao sikuwahi kuukiri hadharani. Ile "asali" na ile "vanila" niliyokuwa nikiisifu kwenye skochi yangu, nikidhani ni kazi ya maji ya milima ya Uskoti, kwa sehemu ni mabaki ya kinywaji nilichokuwa nikikidharau.

Kilichoniumiza zaidi ni umri. Sisi wa skochi tunahesabu miaka kama watu wanavyohesabu ng'ombe wa mahari: 12, 15, 18. Kisheria skochi hailali chini ya miaka 3, na namba ikiandikwa kwenye chupa ni ya wiski changa kuliko zote zilizochanganywa humo. Bourbon zilizokuwa mezani hazikuwa na namba. Kijana alimimina Wild Turkey 101, yenye nguvu ya asilimia 50.5, akaniomba nikadirie. Nikasema 12, tena kwa sauti. Akasema ni mchanganyiko wa miaka 6 mpaka 8.

Sababu ni hali ya hewa. Uskoti ni baridi na unyevunyevu, maghala yake hayajui joto kali. Kentucky majira ya joto hupita nyuzi 30, na majira ya baridi hushuka chini ya sifuri. Joto likipanda, kinywaji hutanuka na kuzama ndani ya mbao. Baridi ikirudi, hujivuta na kutoka na kilichopata huko. Pipa la namna hiyo hufanya kazi kwa pupa, na hutoa jasho. Kiasi kinachopotea hewani, ambacho watengenezaji hukiita fungu la malaika, Uskoti hukadiriwa kuwa asilimia 2 kwa mwaka, na Kentucky mara nyingi 4 au zaidi. Piga hesabu kwa pipa la lita 200. Baada ya miaka 12 malaika wa Uskoti wamejichukulia lita 43 hivi. Wa Kentucky, kwa asilimia 4, wamejichukulia 77. Aliyevumilia muda wote huo amebaki na lita 120 na ushei za kitu ambacho huenda mbao imeshakikaba koo. Ndiyo maana namba kubwa kwenye bourbon inaweza kuwa onyo, na ndiyo maana kuilinganisha na skochi kwa namba ni sawa na kulinganisha embe la Dodoma na tofaa la Njombe kwa kuuliza lipi limekaa mtini siku nyingi.

Hata hivyo sikubali kwamba umri ni porojo. Joto huharakisha kuchota mali ya mbao, lakini haliharakishi kila kinachotokea pipani. Kuna ukali unaopungua kwa kukaa tu, hewa ikiingia polepole, na hilo halina njia ya mkato. Anayevundika embe kwenye majivu analipata limeiva, na ladha yake inajulikana. Niliwahi kunywa skochi ya miaka 18 kwenye harusi ya watu, nikaona kitu ambacho hakuna glasi hata moja ya Ijumaa ile iliyokikaribia. Sema sasa sina hakika ni miaka kumi na minane kweli, au ni harusi na mimi kujua bei yake.

(Najiuliza tu: pipa likilazwa ghalani Hombolo, karibu na mashamba ya zabibu, lingefanyaje? Pakavu kama kwetu, maji hutoroka pipani haraka kuliko kileo, na nguvu hupanda badala ya kushuka. Hutokea kwenye ghorofa za juu za maghala ya Kentucky. Malaika wa Dodoma wangekunywa maji na kutuachia makali.)

Kuna tuhuma moja ya wenzangu ambayo haina budi kufutwa: kwamba bourbon ni tamu kwa sababu imetiwa kitu. Zile tulizoonja hazijatiwa rangi wala ladha, na sheria yao hairuhusu. Skochi, kwa kanuni zake za mwaka 2009, inaruhusiwa kutiwa rangi ya karameli ili chupa zote zifanane dukani. Si wote wanaoitia. Lakini kati ya hawa wawili, mwenye ruhusa ya kupaka wanja ni wa kwangu.

Sheria hizo za Marekani hazikutokana na utakatifu. Karne ya 19 wachuuzi walikuwa wakichukua pombe mbichi, wanaitia rangi na vikolombwezo, wanaiuza kwa jina la wiski. Mwaka 1897 ikapitishwa sheria iliyosema kwamba chupa yenye muhuri wa serikali lazima iwe ya kiwanda kimoja, ya msimu mmoja, imelala ghalani chini ya ulinzi miaka isiyopungua 4, na ina nguvu ya asilimia 50. Mtu anayegeuza chupa shingoni kutafuta stempu ya TRA kabla ya kulipa hahitaji kuelezwa zaidi. Pamoja na hayo, uwanja una matundu. Neno bourbon peke yake halina umri wa chini, na ni lile daraja liitwalo "straight" linalolazimisha miaka 2. Mlevi mwangalifu hana budi kusoma lebo nzima, upande wowote alioko.

Mtu mmoja akauliza kuhusu Jack Daniel's, jina lililoko kwenye kila kaunta kuanzia hapa mpaka Manyoni. Hiyo ni wiski ya Tennessee. Inakaribiana sana na bourbon, ila kabla ya kuingia pipani huchujwa kwenye mkaa wa mti wa mepo. Kijana akaongeza jambo lililotulia mezani kuliko chupa zenyewe: aliyemfundisha Jack Daniel kazi ya kukeneka ni Nathan Green, mtu mweusi aliyekuwa mtumwa, na kampuni ilikuja kulitangaza hilo waziwazi mwaka 2016. Tulinyamaza kidogo. Kisha mtu akaomba barafu.

Turudi kwenye ulimi. Malalamiko yangu makubwa, na nilidhani hili halina jibu, ni kwamba bourbon zinafanana. Mahindi yale yale, pipa jipya lile lile, utamu ule ule. Glasi tatu zilinijia kama watoto wa baba mmoja. Kijana hakubishana. Aliniambia nirudie Maker's Mark na Wild Turkey, moja baada ya nyingine, nisitafute utamu bali pilipili. Kweli. Wild Turkey ina rai, na rai huacha mwasho wa pilipili manga ulimini. Maker's Mark imetumia ngano badala ya rai, nayo ikapita laini kama uji wa mgonjwa. Nikamkumbuka mke wangu, Mgogo wa Mvumi. Mgeni akifika Dodoma, kila mlenda kwake ni mlenda tu. Mke wangu akionja kijiko atakwambia huu ni wa majani mabichi, huu wa makavu, na huu karanga zake zimekaa sana. Kumbe nilikuwa mgeni.

Lakini hata baada ya somo hilo, ninasimama hapa: masafa kati ya bourbon moja na nyingine ni mafupi kuliko kati ya skochi na skochi. Nilikuwa nimebeba shahidi wangu wa utetezi, chupa ya Laphroaig ya miaka 10, na kijana, kwa uungwana, akaruhusu ipite mezani kama glasi ya tano. Shayiri ya Laphroaig hukaushwa kwa moshi wa mboji, ule udongo wa majani yaliyooza karne nyingi kwenye ardhi oevu ya Islay, kisiwa cha Uskoti. Dada mhasibu alinusa akaisukuma mbali. "Hospitali," alisema. Wengine walikubaliana naye. Mzee wa Kongwa alikaa nayo muda mrefu kuliko glasi zote zilizotangulia.

"Kibuyu," akasema mwishoni. "Kibuyu cha maziwa kilichofukizwa moshi."

Sikuwa na la kuongeza. Nilikuwa nimejiandaa kutetea moshi kwa maneno ya vitabuni, na mtu aliyekulia na ng'ombe amemaliza kwa neno moja. Jambo hilo lilivuruga hesabu niliyokuwa nimeanza kuijenga kichwani, kwamba bourbon, kwa kuwa ni ya mahindi, ndiyo inayopaswa kuwa karibu nasi, na skochi ni urithi wa klabu za wakoloni. Mahindi yalimpa mzee pipi. Kisiwa cha baridi asichokijua kikamrudisha zizini kwa baba yake. Na kwa kuwa sheria yetu huiita gongo kwa jina la "moshi", alisema sasa ameelewa: serikali ilikuwa inazungumzia hii.

Saa tatu ikaja mbuzi choma, na hapo mizani iliinama upande wa pili. Uonjaji wa kukaa mezani, glasi ndogo, kimya, maji pembeni, ni mchezo uliotengenezwa na watu wa skochi kwa ajili ya skochi. Weka nyama yenye mafuta, ndimu, chumvi na pilipili mbichi, na Glenfiddich niliyoagiza kaunta ikawa kama mtu mpole kwenye mkutano wa hadhara. Laphroaig ikagombana na mkaa wa jikoni. Wild Turkey, na barafu mbili, iliikumbatia ile nyama, utamu ukashika chumvi, rai ikashika pilipili. Nilikunywa mbili bila kunusa kwanza, jambo ambalo sijalifanya na skochi tangu nikiwa chuo.

Kwa hiyo nikiulizwa leo, dharau yangu ilikuwa na nguzo mbili imara na tatu za mabua. Imara: masafa ya ladha, na ule ukavu wa mbao mpya ambao bado unanikera. Mabua: umri, usafi, na lile wazo kwamba pipa langu lina nasaba kuliko lao. Baridi ya Julai, upepo ukipiga madirisha, nitaendelea kumimina skochi. Palipo na mbuzi, nitaomba bourbon, na sitaeleza.

Tulipokuwa tunasubiri bajaji, mzee alinigusa bega. "Mwanangu, ile ya kibuyu uliinunua shilingi ngapi?"

Nikamwambia laki mbili na kidogo.

Alipiga hesabu kwa vidole, midomo ikicheza. "Magunia matatu ya mahindi," akasema. "Bei ya mavuno." Akatikisa kichwa, akatazama barabarani hakuna bajaji, akaingiza mkono ndani ya koti na kutoa glasi ya hoteli.

"Basi niongezee debe moja."